Muziki wa watu weusi uliwahi kuunganisha watu kweli, au tunajifariji?

Mzee wa Santuri
Wakuu, salaam. Jana kijiweni nimezozana na vijana mpaka kahawa ikapoa. Wanashikilia kwamba muziki wa watu weusi, kuanzia Marekani na Jamaika hadi Afrika Kusini, ndio uliounganisha watu na kuleta mabadiliko. Nikawauliza, wapi? Wakanitajia lile tamasha la Kingston la Aprili 1978, Bob Marley alipowaita jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, wanasiasa mahasimu wakubwa, akawashikanisha mikono juu ya kichwa chake. Picha nzuri, kila mtu kaiona. Uchaguzi wa 1980 ukafika, Wajamaika wakauana kwa mamia, na wauaji ni wafuasi wa vyama vya hao hao wawili. Huo ndio umoja?

Haki za weusi Marekani zililetwa na mawakili, mahakama, watu waliosusia mabasi na waliokubali kuumwa na mbwa wa polisi. Muziki ulikuwa wa kupumzikia. Hata Miriam Makeba wa Afrika Kusini tunayempamba hapa, huku kwetu tunamjua kwa Malaika, wimbo wa mapenzi wa Mkenya. Nileteeni wimbo mmoja uliobadilisha kitu. Mmoja tu.

Tukutuku
Wimbo wa nani?? Mkuu, hebu rudi hapo kabla hatujafika Jamaika. Malaika ni ya Adam Salim, Mtanzania, na mwenyewe alisema aliitunga miaka ya arobaini. Mnawagawia watu mali yetu kirahisi hivyo, halafu kesho mnalalamika wakitangaza na Kilimanjaro.

Jirani wa Namanga
Haya, tumeanza. Nyinyi kila kizuri ni chenu. Fadhili William ndiye aliyeurekodi, na jina lake ndilo lililosambaa duniani. Halafu huyo Salim, kwa masimulizi yenu wenyewe, aliutungia wapi? Nairobi! Kwa hivyo hata mkishinda mmeshindwa.

Binti Mchambuzi
Naomba nijibu mada, waniwie radhi wenye Malaika yao.

Mzee, umetaja waliosusia na walioumwa na mbwa kana kwamba walikuwa wamefunga midomo. Soma habari za Albany, Georgia, 1961 na 1962. Mikutano ilikuwa kanisani, na ilianza kwa kuimba kabla mtu yeyote hajahutubia. Walichukua nyimbo za kanisa walizokua nazo, wakabadili maneno papo hapo. Mkuu wa polisi pale aliitwa Pritchett, wakamchomeka humo humo: hatutakubali Pritchett aturudishe nyuma. Jiweke mahali pake, umesimama nje ya kanisa na virungu vyako, unasikia mamia ya watu wanakuimba kwa jina. Wakikamatwa wanaimba mahabusu, waliopo seli hii wanajua wa seli ile bado wazima. Kutoka hapo likazaliwa kundi la Freedom Singers, vijana wanne wakazunguka Marekani na gari moja wakiimba na kukusanya pesa za chama chao cha wanafunzi, SNCC. Hayo ni mapumziko?

Mzee wa Santuri
Binti, mwanangu, umechagua mfano mbovu. Albany ilishindwa! Pritchett aliwasambaza wafungwa kwenye magereza ya wilaya za jirani ili la kwake lisijae, na Martin Luther King akaondoka 1962 mikono mitupu. Waliimba vizuri kuliko wote na hawakupata kitu. Umenisaidia.

Binti Mchambuzi
Mwaka uliofuata Birmingham, kwenye hao mbwa wa polisi uliowataja, waliingia watu waliofundwa Albany, na nyimbo zile zile. Lakini ukishaamua kusikia nusu, sina la kukufanya, baba.

Tukutuku
Jirani, kwa hiyo Mluo akitungia wimbo Mwanza unakuwa wetu? Jibu hilo.

Jirani wa Namanga
Si mshachukua tayari?

Msoma Magazeti
Mleta mada anataka kitu cha kushika mkononi, basi namletea pesa. Mwimbaji Harry Belafonte aliuza kalipso mpaka akawa tajiri, na utajiri ule ndio uliowatoa watu rumande. Mwaka 1964 vijana wa SNCC waliishiwa kabisa kule Mississippi. Belafonte akamwita mwigizaji Sidney Poitier, wakaruka hadi Greenwood na begi lenye dola 70,000 taslimu, huku magari ya Ku Klux Klan, genge la wazungu wabaguzi, yakiwafukuza usiku. Na Jirani, hili lako: 1959 Tom Mboya alipokuwa anatafuta nauli ya ndege ya kuwapeleka wanafunzi wenu Marekani, barua ya kuomba michango ilikuwa na saini ya huyo huyo Belafonte.

Mzee wa Santuri
Kwa hiyo ni pesa. Ndicho nilichosema. Angeuza saruji ingekuwa vile vile.

Msoma Magazeti
Muuza saruji gani mweusi alikuwa anaalikwa na wazungu sebuleni kwao Marekani ya 1956?

Kihonda Juu
Mimi nimekulia Morogoro. Wenye umri wangu wanakumbuka Mazimbu, shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu 1979. Siku hizi ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wale vijana walikuwa wanakuja kucheza mpira na timu za mtaani. Mechi ikiisha, washinde wasishinde, mmoja anaanza peke yake, wenzake wanaitikia kwa sauti nne bila kinanda wala ngoma, miguu inapiga chini mpaka vumbi linafika magotini. Sisi tumesimama na chupa za maji, hatujui neno hata moja. Kisha wanafunga na Nkosi Sikelel' iAfrika. Hapo hatukuhitaji kufundishwa, ndio tuni ya Mungu Ibariki Afrika, aliyotunga Enoch Sontonga 1897. Wao wanaimba Kixhosa, sisi Kiswahili, na tunamaliza pamoja. Mzee unataka wimbo mmoja, chukua huo.

Kaka Mkubwa
Hongera kwa simulizi. Sasa niambie Mei 2008 mlikuwa wapi. Afrika Kusini hiyo hiyo, watu zaidi ya 60 wameuawa kwa sababu ni wageni, Mmsumbiji mmoja kachomwa moto hadharani. Na genge lililokuwa linawasaka Alexandra, mtaa wa Johannesburg, lilisikika likiimba Umshini Wami, wimbo wa msituni wa kudai bunduki. Tuliwalisha, tukawasomesha, tukaimba nao. Nina ndugu yangu alifungiwa duka huko, msiniletee tuni.

Kihonda Juu
Pole kwa ndugu yako, kwa dhati. Ila waliochoma watu si wale niliocheza nao mpira.

Kaka Mkubwa
Una uhakika gani? Wewe ulishika orodha?

Kihonda Juu
Kaka, usinipandishe presha. Nimeeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Binti Mchambuzi
Kaka Mkubwa kasema la maana kuliko anavyodhani. Wimbo hauna mwenyewe. Aliyekaa uhamishoni Lusaka akiuimba dhidi ya kaburu na aliyeshika panga Alexandra wote wameukuta unapatikana. Nguvu inathibitika hapo, wema ni suala lingine.

Na kuhusu Malaika, mtapigana mpaka kesho, lakini albamu aliyofanya Makeba na Belafonte 1965 mmewahi kuisikiliza yote? Ndani yake kuna Malaika, na kuna wimbo wa Vuyisile Mini wa kumwonya Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu. Mini alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi Port Elizabeth, kanyongwa Pretoria Novemba 1964. Albamu ikapata Grammy 1966. Mzungu wa Chicago anainunua apate wimbo wa mapenzi, anarudi nyumbani na sauti ya marehemu. Makeba huyo unayemdharau Mzee alishanyimwa kurudi kwao 1960 asimzike mama yake, na 1963 akasimama Umoja wa Mataifa kuieleza dunia.

Mzee wa Santuri
Sijamdharau Makeba, usinitilie maneno mdomoni. Mini hakunyongwa kwa sababu ya wimbo, alinyongwa kwa kazi za Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Na Verwoerd alichomwa kisu bungeni 1966, hakuuawa na santuri.

Tukutuku
Umeona lakini, Binti naye kakwepa. Malaika ya nani?

Jirani wa Namanga
Wewe lala.

Mzee, nikupe ya Desemba 2002, Uhuru Park, siku Kibaki anaapishwa. Kuna pambio la kanisani kila mtu analijua, yote yawezekana kwa imani. Watu wakaliimba, yote yawezekana bila Moi, na Moi mwenyewe ameketi jukwaani anasikia. Mkikuyu, Mluo, Mluhya, wote. Hicho alichosema Binti cha Pritchett, sisi tulikifanya bila kumjua Pritchett.

Mzee wa Santuri
Moi aliondolewa na ukomo wa vipindi kwenye katiba. Pambio halikuhesabu kura. Na huo umoja wenu wa Uhuru Park tuliuona 2007.

Jirani wa Namanga
Hilo la 2007 usiliguse kama hukuwa Eldoret.

Mzee wa Santuri
Sawa, naliacha. Ila msinielewe vibaya, hoja yangu hasa ni wasanii wa leo. Wanapanda majukwaa ya kampeni, wanalipwa, wanaimba sifa za mgombea, kesho wanatuambia muziki ni ukombozi.

Binti Mchambuzi
Bandiko lako la kwanza halina msanii wa leo hata mmoja. Limejaa Marley.

Msoma Magazeti
Mzee kahama nyumba usiku na kodi hajalipa.

Jirani wa Namanga
Muacheni, hata huko aliko nitamfuata. Juni 2024 vijana wetu walipoingia barabarani kuhusu Mswada wa Fedha hawakungoja msanii awatungie. Walichukua Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo wa kucheza klabu, hauna siasa hata chembe, wakaucheza katikati ya barabara. Aliyelipwa kwenye kampeni hakuwepo. Na huo, Tukutuku, usituambie ulitungiwa Tanga.