Naomba ushauri: kozi ya ualimu wa Pilates ya kujisomea mwenyewe

Habari zenu wakuu. Nimejiunga na kozi ya kufundisha Pilates (yale mazoezi ya kuimarisha mwili kwa kudhibiti mwendo na pumzi), ile ya video zilizorekodiwa, unasoma kwa muda wako. Hakuna ratiba wala mkufunzi wa kukufuatilia.

Nadharia hainisumbui. Anatomia inapanda vizuri, na hata kanuni za Joseph Pilates, yule Mjerumani aliyezaliwa 1883 na kuuita mfumo wake Contrology, naweza kuzieleza. Kazi iko kwenye vitendo. Kutazama mtu akifundisha ni tofauti kabisa na kusimama mbele ya watu, uwaelekeze wavute pumzi lini na mbavu zikae vipi, huku jicho lako limwone yule wa nyuma anayekunja mgongo badala ya nyonga.

Kwa sasa kila somo nalitazama kwanza bila kuandika, nalifanya kwa mwili wangu, halafu nalifundisha kwa sauti simu ikinirekodi. Kujisikiliza ni adhabu jamani! Ila naona kunanisaidia kuliko kujaza daftari.

Mliopitia kozi za namna hii, iwe yoga au dansi: nianze mapema kufundisha ndugu na marafiki, au nimalize moduli zote kwanza? Ndugu hawakosoi, wanacheka tu. Na mwenye maumivu ya mgongo akitaka kuwa mwanafunzi wangu wa majaribio? Mimi naona aende kwa daktari kwanza. Pia mlimpataje mwalimu mzoefu wa kuwatazama na kuwasahihisha?

Natanguliza shukrani.