Tupeane uzoefu: kuendesha mashindano ya gemu, kuanzia makundi hadi mtoano

MpangaRatiba
Wakuu, tukusanye hapa yale yanayosaidia kweli siku yenyewe. Naanza na hesabu, maana ndipo ratiba nyingi hufia. Kabla ya kuuliza wachezaji wangapi, uliza TV ngapi.

Wachezaji 16 katika makundi 4 ya watu 4: kila kundi mechi 6, jumla 24. Gemu ya mpira yenye vipindi viwili vya dakika 6 hula kama dakika 20, ukijumlisha kuchagua timu, marudio ya mabao na kupishana kwenye viti. Ukiwa na TV 4 ni mizunguko 6, yaani saa 2. Robo fainali, nusu fainali na fainali ni mizunguko 3, saa 1 nyingine. Ongeza nusu saa ya dharura. Na msikubali kirahisi ile "mwongeze huyu mmoja tu": kundi la watu 5 lina mechi 10, la 6 lina 15.

ChunguNamba1
Droo isiwe ya bahati tupu. Wakali wanne wa kwanza wapange A, B, C, D, kisha rudi kinyumenyume: wa 5 aende D, wa 6 C, wa 7 B, wa 8 A, halafu geuza tena. Kama hujui uwezo wao, angalau watenganishe wanaocheza pamoja kila siku.

Kwenye mtoano wa wawili wawili kutoka kila kundi, nusu ya juu iwe A1 na B2 (wa kwanza wa kundi A dhidi ya wa pili wa kundi B), C1 na D2. Nusu ya chini B1 na A2, D1 na C2. Hapo waliotoka kundi moja hawakutani tena kabla ya fainali. Wengi huweka A1-B2 na B1-A2 nusu moja, kisha wanashangaa nusu fainali imekuwa marudio ya mechi ya makundi.

RefaWaMezani
Namna ya kutenganisha waliolingana pointi iandikwe na kubandikwa ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Ukiitunga baada ya matokeo, hata ikiwa ya haki utaambiwa umembeba mtu. Mpangilio unaofanya kazi: pointi, matokeo ya waliolingana wenyewe kwa wenyewe, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga. Watatu wakifungana kwa mzunguko (huyu kampiga yule, yule kampiga wa tatu, wa tatu kampiga wa kwanza), kigezo cha pili hakitoi jibu. Shuka kwenye mabao.

Jingine: mechi mbili za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja. Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walijua tayari matokeo yanayowavusha wote wawili, Algeria ikatolewa. Kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi huanza pamoja.

MpangaRatiba
Na kwa TV moja kwa kila kundi inawezekana, mkuu. Mzunguko wa 5 kundi A lichukue TV 1 na 2, wa 6 zichukuliwe na B. C na D vilevile kwenye 3 na 4. Muda hauongezeki hata dakika.

PediMbili
Vifaa. Gemu na mashine zisasishwe jana yake, zote ziwe toleo moja. Sasisho likianza kushuka saa ya mechi, TV hiyo imekufa. Washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye kila TV, la sivyo ukibonyeza kitufe picha inachelewa kuitikia. Pedi zisizo na waya ni balaa: mtu kamaliza mechi, kaondoka nayo mfukoni, ikijibonyeza inaamsha mashine au inasimamisha mechi ya wengine. Tumia waya, au kila anayemaliza akate muunganisho wa pedi yake na mashine kabla ya kunyanyuka. Mashine na TV pamoja zikadirie wati 300. Ekstensheni ya ampea 10 kwenye volti 230 hubeba 2,300, kwa hiyo seti 8 juu ya waya mmoja zimeshapita kiwango.

RefaWaMezani
Wachelewaji: dakika 10 baada ya kuitwa, ushindi wa mezani. Anayejitoa katikati ya makundi ndiye mtihani. Akiwa hajafikisha nusu ya mechi zake, futa matokeo yake yote, kama wafanyavyo kwenye chesi. Akiwa ameshafikisha, zilizobaki wape wapinzani 3-0. Ukichanganya njia hizo mbili kwa mchezaji huyo mmoja, tofauti ya mabao haina maana tena.

ChunguNamba1
Kama mmeruka makundi na wamekuja 11, chati ni ya 16: nafasi 5 ni za kupita bila kucheza, wapewe wakali 5 wa juu. Wale wa mtoano wa kupoteza mara mbili (ukipoteza moja unahamia upande wa waliopoteza, ya pili unatoka), kumbukeni watu 8 hucheza mechi 14, au 15 iwapo aliyetoka upande wa waliopoteza atashinda fainali ya kwanza, kwani mwenzake bado ana nafasi moja. Mtoano wa kawaida ni 7.

PediMbili
Kwa TV 2, basi, mtoano wa kawaida. Ule mwingine unasubirishana mno: kila mara upande wa waliopoteza unangoja wa washindi umalize raundi yake.