Naomba ushauri: nipimeje ufanisi wangu katika kuandika programu?

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mhandisi wa programu, na tangu mwezi uliopita kiongozi wetu anahesabu mistari ya programu ambayo kila mmoja wetu ameandika kwa juma. Juma lililopita nilitumia siku 3 kutafuta hitilafu iliyokuwa ikihesabu malipo ya mteja mmoja mara mbili. Mwishoni nilifuta mistari 40 na kuandika 6, na kwenye jedwali la kiongozi nikaonekana mvivu kuliko wote. Iliniuma sana, kwa sababu ndiyo kazi bora niliyoifanya mwaka huu.

Najua jambo hili si geni: mwaka 1982 katika kampuni ya Apple, mhandisi wa programu Bill Atkinson alipoiandika upya sehemu ya programu ya michoro ya QuickDraw ikawa fupi na yenye kasi zaidi, alijaza kwenye fomu ya juma kwamba ameandika mistari -2000.

Sasa nimeanza kuandika daftarini muda unaopita tangu nipokee kazi hadi imfikie mtumiaji, pamoja na kazi zinazorudishwa kurekebishwa. Lakini umeme ukikatika mchana kutwa, muda huo hurefuka, na kazi inayosubiri kukaguliwa na mwenzangu nayo huhesabiwa kwangu.

Je, muda wa kusubiri niutenge na muda wa kazi yenyewe? Na nimweleze vipi kiongozi wangu, kwa heshima, bila kuonekana kwamba ninajitetea?