Yule jamaa wa bomba la dawa, leo amevuka mpaka!

Wakuu, mnamjua. Yule yule. Asubuhi namkuta kwenye jicho la chemchemi anasuuza bomba la kupulizia dawa ya wadudu. Si pembeni, si kule chini, pale pale maji yanapobubujika! Namwambia, ndugu yangu, humo mna vijikamba. Akachota maji kwa kiganja, akatazama, akasema, "Hivi viroboto?" Akavimwaga juu ya jiwe. Juu ya jiwe kavu!

Viroboto! Hao ni amfipodi, ukoo mmoja na kamba na kaa. Ndio wanaokatakata majani yanayodondokea majini, na viumbe kibao huko chini wanaishi kwa makombo yao. Dawa za pairethroidi, zile zilizoigwa kutoka kwenye pareto, haziulizi huyu mdudu au huyu kamba. Chembe tu inamlaza. Na jike anabeba mayai kwenye kifuko cha tumboni, hana viluwiluwi vya kuelea kwenda kuanza maisha kwingine. Wakiisha hapo, wameisha.

"Hivi viroboto?" Na mmoja alikuwa na mayai, nimeyaona! Juu ya jiwe! Nimepiga kelele hadi mawingu yamesogea.

#2
Pole mkuu, ila umegombana na mtu mzima kwa kitu kisichofika hata sentimita mbili?

#3
Wewe una jicho la kusuuzia. Letu limejengewa zege na mfuniko. Jani haliingii. Funua uone kama kuna kinachotembea.

#4
#3 umenikumbusha isopodi wa Socorro, kijidudu cha majini cha ukoo huo huo wa kamba, kule New Mexico, Marekani. Chemchemi yake ilizibwa, akabaki kwenye mabomba na vibirika. Mwaka 1988 mizizi ikaziba bomba, akatoweka porini. Wamebaki kwa sababu wengine walikuwa wanafugwa.

#1
Na huyu wangu kasema VIROBOTO. Juu ya jiwe!

#5
Tumekusikia, jiwe. Sisi kuna mwenye pampu anavuta maji ya chini usiku kucha, chemchemi imebaki tope. Hao viroboto wenyewe hatuna.

#1
SI VIROBOTO!

#6
#5 huyo wa pampu namjua! Dizeli yake inavuja mpaka leo?

#5
Inavuja. Mfungulie uzi wake, nakuja.