Naomba ushauri: vumbi la mbao zenye aseniki
Habari zenu ndugu. Mume wangu ni seremala, na kwa miezi mingi amekuwa akikata mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye ukijani. Nimekuja kujua kwamba dawa hiyo ina shaba, kromi na aseniki, ambayo ni sumu. Vumbi anarudi nalo kwenye nguo, na mabaki tumekuwa tukipikia. Kumbe sumu hubaki kwenye majivu! Sasa viganja vyake vimeota sugu ndogondogo ngumu.

Tunatumia pia maji ya kisima, na kuchemsha hakuondoi aseniki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Tuanze kupima mkojo wake au maji? Nasikia samaki nao huongeza aseniki kwenye mkojo; ni siku ngapi asile samaki kabla ya kipimo? Watoto wameyachezea majivu hayo, nao wapimwe?