Dai la uchunguzi kamili wa macho limerudishwa, nikate rufaa?

SubiraMwenge:
Habari za jioni wakuu. Niko Mwenge, nafanya bili za kliniki ya macho iliyoko Marekani. Wao wakifungua asubuhi, huku daladala zishajaa watu wanaorudi makwao. Bima imerudisha dai la 92004 (namba ya bili ya uchunguzi kamili wa macho kwa mgonjwa mgeni) la mama mmoja mwenye kisukari, eti faili halionyeshi uchunguzi kamili. Daktari kampanua mboni, kaangalia retina, kapima presha ya macho, yote yapo. Ila anavyoona pembeni na macho yanavyocheza, hakuna hata mstari. Mwishoni kaandika "arudi baada ya mwaka", basi. Nikate rufaa au nishushe iwe 92002, yaani uchunguzi wa kati wa mgonjwa mgeni? Inaniuma, kazi imefanyika.

MzeeWaMadai:
Mwanangu, anayesoma dai hakuwepo chumbani, ana faili tu. Kupanua mboni si lazima kwenye 92004, ingawa madaktari wengi hufanya. Lazima ni historia, hali ya mgonjwa kwa jumla, nje ya jicho, ndani ya jicho, kuona pembeni (hata kwa vidole inakubalika) na misuli ya macho. Halafu ionekane daktari kaanzisha mpango wa vipimo au tiba. Hapo ndipo madai mengi hukwama, na "arudi baada ya mwaka" haibebi kitu.

Muulize daktari. Kama alipima, aongeze maelezo kwa tarehe ya leo na saini yake. Kama hakupima, shusha bila kinyongo. Wewe usimwandikie hata neno moja, na tarehe ya nyuma usiiguse. Nakusihi.

Optika_Ilala:
Dada, hakikisha pia kama ni mgeni kweli. Akiwa ameonwa na daktari wa fani hiyohiyo klinikini hapo ndani ya miaka 3, hiyo ni 92014, uchunguzi kamili wa mgonjwa wa zamani. Na kipimo cha miwani ni 92015, bili yake peke yake. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hailipi, mgonjwa anatoa mfukoni.

SubiraMwenge:
Shikamoo mzee. Asante dada, ni mgeni, nimehakikisha. Daktari kajibu: msaidizi wake alipima kwa vidole na kwa kufuatisha kalamu, akaandika kwenye karatasi ambayo haikuskaniwa. Ina tarehe ya siku ile na saini zao wote wawili. Tena kuna barua ya siku hiyohiyo kwa daktari wake wa kisukari, kuomba majibu ya sukari ya miezi mitatu.

MzeeWaMadai:
Marahaba. Barua hiyo ndiyo mpango wenyewe. Kata rufaa: karatasi juu, barua ifuate, na maelezo yako mafupi yataje kila kipimo kiko ukurasa gani. Lakini kwanza angalia siku ya mwisho ya rufaa.