Bosi katulinganisha na Bangladesh kwa projekta, mimi mwenyewe nakaa Bangladesh (ya Mikindani) na nshachoka

Jamani uzi ni mrefu na nauandika kwa simu yenye kioo kimepasuka, makosa mtanisamehe, lakini leo lazima niseme nisije nikapasuka mimi pia.

Mimi ni opareta wa mashini kwa kiwanda kimoja cha nguo cha EPZ (maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje) hapa Mombasa, jina sitaji kwa sababu kazi naihitaji. Laini ya suruali. Na nakaa Bangladesh. Si ile ya Dhaka, hii yetu ya Mikindani, ya mabati na vichochoro, ambayo alfajiri ukisimama barabarani waona wanawake na leso zao wanakwenda viwandani kwa miguu kwa sababu mvua ikitonya tu matatu zapandisha nauli. Kwa hivyo Jumanne meneja alipotukusanya kantini akawasha projekta akasema leo tutazungumza habari za Bangladesh, wallahi nilidhani wameamua kutuchimbia mtaro.

Kumbe ni chati. Nchi zimepangwa, mshahara wa mfanyakazi wa nguo kwa mwezi kwa dola: Ethiopia 26, Bangladesh 95, Kenya 207. Safu ya pili elimu, Kenya juu. Safu ya tatu prodakshen, Kenya chini. Halafu huyo meneja, ambaye si mgeni hata, ni Mkenya mwenzetu, mtoto wa juzi, akatuangalia hivi akasema nyinyi mmesoma kuliko wenzenu na mwalipwa kuliko wenzenu ila mwashona kidogo kuliko wenzenu, kwa hivyo tageti kutoka suruali 70 kwa saa inakwenda 85, na kontrakti sasa zitakuwa za miezi mitatu mitatu. Asiyetaka mlango uko wazi, wenye kiwanda wanaweza kuhamia Ethiopia wakati wowote. Watu kimya. Njaa mbaya jamani.

Mimi nilirudi nyumbani nikanunua bando ya 50 nikaanza kutafuta hiyo chati ilitoka wapi, na nimeipata. Hizo namba ni za ripoti ya 2019 ya Chuo Kikuu cha New York kuhusu viwanda vya nguo vya Ethiopia. 2019! Yaani mtu anatukatia riziki ya leo kwa bei ya juzi.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja. Mwaka huo wa 2019 kima cha chini cha kibarua hapa mjini kilikuwa 13,572.90, ongeza 15% ya posho ya nyumba, gawa kwa dola ya wakati ule iliyokuwa kama 103, wapata dola 151. Hiyo 207 alikuwa nayo nani? Si sisi wa chini. Haya, njoo kwa nyongeza ya Novemba 2024, 16,113.75, na nyumba yafika 18,530, dola ni 129, wapata 143. Umeona? Shilingi zimeongezeka, dola zimepungua, na mwenye kiwanda anauza suruali kwa dola. Nguvu zangu zimekuwa rahisi kwake kuliko 2019 na bado naambiwa mimi ni ghali.

Na hao wa Bangladesh wa kweli, ile 95 imeshakufa zamani. Mwisho wa 2023 waliingia barabarani, walikuwa wakidai taka (pesa ya kwao) 23,000 kwa mwezi, watu waliuawa kwenye hizo vurugu, mwishowe wakapewa 12,500, ambayo ilikuwa kama dola 113. Kabla ya hapo walikaa na taka 8,000 miaka mitano. Kwa hivyo pengo letu na wao si ile 207 kwa 95, ni pengo la kununua unga mfuko mmoja na sukari. Tena mbona hakuweka kwa chati Rana Plaza? Aprili 24, 2013, jengo lilionekana lina nyufa siku moja kabla, watu wakalazimishwa kurudi kwa mashini, likaanguka, wakafa zaidi ya 1,100. Bei rahisi ya wakati ule ilikuwa na makaburi ndani yake.

Ethiopia nayo, hii ndiyo yanichekesha. Ukiisoma ripoti yenyewe, hiyo hiyo aliyotuonyesha, yasema kule Hawassa, mji wao wa viwanda vya nguo, kwa hizo dola 26 wasichana walikuwa hawakai, wengi wametoka mashambani, pesa haitoshi hata chumba na chakula, wanaacha, kiwanda kwa wastani kilikuwa kinabadilisha wafanyakazi wote ndani ya mwaka. Wote! Hebu fikiria wewe unafundisha mtu kushona mfuko wa suruali, akianza kushika kasi anaondoka, unaanza na mwingine. Halafu vita vikaja, kampuni moja kubwa ya Marekani ikafunga kiwanda chake pale Novemba 2021, na Januari 2022 Ethiopia ikatolewa kwenye AGOA (ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru). Sasa wewe wanitisha na mahali ambapo wenzako walihama wakakimbia?

Lakini safu ya elimu ndiyo iliyonichoma. Mimi niliingia darasa la kwanza 2003, ule mwaka Kibaki alifungua shule za msingi bure, tulikuwa tumejazana kama dagaa, wengine wamekaa chini. Sekondari haikuwa bure, mamangu aliuza viazi karai Magongo mpaka vidole vyake vikawa havisikii moto. Chuo vilevile. Nina diploma ya mambo ya nguo, kukata patani, kupima ubora, kila kitu. Nilipofika getini waliniuliza vyeti vyote, wakatoa kopi, wakaniandika helpa. Mwaka mzima nakata nyuzi! Diploma iko kwa faili, kwa mshahara haiko. Hamna gredi ya diploma, hamna gredi ya setifiketi, aliyeishia darasa la nane na mimi peslipu ni moja (na simdharau, yuko dada mmoja laini yetu hakumaliza shule na kwa ovaloki hakuna anayemfikia).

Ila wakija wanunuzi kutoka Marekani! Hapo elimu yangu yakumbukwa. Wanaletwa mpaka mashini yangu, wanaambiwa this one has a diploma, na mimi natabasamu kama ng'ombe wa maonyesho pale Mkomani. Kwa hivyo mkitafuta oda sisi ni watu waliosoma, mkilipa mishahara sisi ni vibarua, na mkitaka kutupunguza sisi ni ghali kuliko Ethiopia. Chagueni moja bwana.

Na Vietnam mbona haikuwekwa? Ntawaambia kwa nini. Vijana wao wa miaka 15 mwaka 2012 walifanya ule mtihani wa dunia wa PISA kwa mara ya kwanza, hesabu wakapata 511, Marekani 481. Watu wamesoma kweli kweli. Na kima chao cha chini kwa miji mikubwa kuanzia Julai 2024 kilikuwa dong milioni 4.96 kwa mwezi, kama dola 195. Wametupita sisi mshahara! Na bado viwanda vinakwenda, Samsung wanaunda simu pale tangu 2009. Ingekuwa mambo yote ni mshahara mdogo, Vietnam ingekuwa imefungwa na Hawassa imejaa.

Kuna kitu huyu kijana hajui au anajifanya hajui. Hata mama wa mahamri pale kona anajua. Ana wasichana wawili, mmoja anamlipa 300 mwingine 450, watu walimcheka, akasema huyu wa 450 akinisukumia unga saa kumi na moja nauza yote kabla ya watoto wa shule, yule wa 300 mpaka saa mbili bado yuatafuta mwiko. Nani ghali? Hesabu ni kwa hamri moja, si kwa msichana. Na suruali ni vilevile, ni dakika ngapi zimeingia na ni nani aliyezipoteza.

Sasa tuulizane dakika zetu nani huzipoteza. Kitambaa hatufumi hapa, kinatoka Asia kwa meli, kikikwama bandarini laini yote inakaa. Wiki iliyopita tulikaa siku moja na nusu twaangalia feni, na feni nayo ilikuwa imezimwa. Stima ikienda jenereta inachukua muda, ikija mashini mbili zinagoma, fundi ni mmoja kwa laini nne, na huyo fundi akiitwa ofisini kurekebisha AC sisi tungoje. Hizo dakika zote zaandikwa kwa jina langu. Prodakshen ya Kenya chini. Halafu Jumamosi tunarudishwa kufidia na ovataimu yaitwa kujitolea.

Na tusisahau wao EPZ miaka 10 ya kwanza hawalipi kodi ya faida, miaka 10 inayofuata wanalipa 25%. Sawa, serikali ilitaka kazi zije. Ila mimi likizo ya makato sina hata siku moja: SHIF (bima ya afya) 2.75%, makato ya nyumba za serikali 1.5%, NSSF (akiba ya uzeeni) 6%, kwa hiyo 18,530 zaondoka kama 1,900, nabaki na 16,600 na ushee. Kodi ya chumba, maji ya mtungi, mtoto, na mamangu siku hizi macho hayaoni vizuri.

Hiyo 1,900 ishikeni kidogo. Nina shoga yangu Kisauni anasoma Kijerumani, anataka kwenda kule kwa mafunzo ya uuguzi, yale ya kufanya kazi hospitali na kusoma pamoja miaka mitatu huku unalipwa. (Zile ajira 250,000 zilizotangazwa 2024 Ruto alipokwenda Berlin wazisahau, Wajerumani wenyewe walikataa, walisema mkataba hauna idadi.) Basi akaniambia kima cha chini cha Ujerumani 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kwa saa! Nikazidisha kwa shilingi 150 za euro moja. Ni kama 1,900. Yaani saa moja ya mtu wa chini kabisa kule ni makato yangu ya mwezi mzima. Najua kule maisha ghali, msije mkanifundisha. Lakini wale wanafunzi wao wa ufundi wanalipwa wakisoma, na wakimaliza cheti kina bei. Mimi changu kina panya.

Sijasema tulipwe kama Ujerumani. Nasema ukinilinganisha nilinganishe mzima, usinikate mguu hapa mkono pale mpaka nitoshee kwa chati yako. Na hiyo tageti ya 85 tuoneshwe dakika zake zilipimwa vipi, kwa mashini gani, stima ikiwa wapi.

Ijumaa twaitwa kusaini hizo kontrakti za miezi mitatu. Walio viwanda vingine, Changamwe, Jomvu, hata Athi River, niandikieni hapa chini tageti yenu kwa saa ni ngapi na mkononi mwapata ngapi, kiwanda msitaje wala majina yenu. Wa suruali hasa. Wakili au mtu wa chama akipita atwambie kama kontrakti za miezi mitatu zikirudiwa rudiwa miaka minne bado wewe ni mtu wa muda tu. Projekta sina, lakini saiba ya stejini peji ni 10 bob na ntaingia Ijumaa na karatasi zangu.